Mtutu wa Mitaro Mitano

Mohannad aliileta bunduki ya marehemu kaka yake Jumatatu saa nne asubuhi, ndani ya kasha, pamoja na vibali vyake vyote. Aliiweka juu ya meza yangu, kisha akarudi nyuma hatua mbili.

"Nataka kama hii, Bi Hilwa. Mpya, lakini kama hii. Mtutu wa aina ile ile, na kalibu ya risasi ile ile."

"Kwa nini usitumie hii hii?"

"Hii siigusi. Nakwenda Liwale mwezi ujao. Nitasimama pale pale alipotetemeka kaka Junaid, nipige nyati kwa bunduki kama yake. Mama anajua."

Baba yangu, Soud, ndiye aliyeiunda miaka minne iliyopita, katika karakana hii nyuma ya duka la vifaa vya uwindaji, mtaa wa Al Barsha. Wateja wake walikuwa wachache: watu wanaotaka bunduki kubwa na risasi za kusubu, yaani za madini yaliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Mwaka uliofuata Junaid alikwenda nayo kusini mwa Tanzania, na nyati akamuua. Baba alifariki mwaka jana kwa maradhi ya moyo. Karakana sasa ni yangu.

Boaz, fundi wetu wa vitako vya mbao vya bunduki, mtu wa Bungoma, aliiangalia ile bunduki siku mbili kisha akahamishia kazi yake upande wa pili wa chumba.

"Madam, hiyo kitu inapumua."

"Ni kiyoyozi. Upepo unapita mdomoni mwa mtutu."

"Na mbona hizi zingine hazipumui? Zimefunga?"

Nilitia kizibo mdomoni mwa mtutu. Sauti ikakoma. Nilimwonyesha Boaz, naye akasema haya, sawa, lakini hakurudi mahali pake.

Alhamisi nilianza vipimo. Kazi ya risasi za kusubu ina sharti moja: risasi iwe nene kidogo kuliko mtutu, izibe mitaro yote iliyochongwa ndani. Ikiwa nyembamba, moto wa baruti unapenya pembeni na kuilamba, na madini yanaganda mtutuni. Risasi chache za mwanzo zinakwenda vizuri. Zinazofuata zinaruka zikipinduka. Kwa hiyo tunasukuma kipande laini cha madini mtutuni kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha tunapima unene wake.

Nilikisukuma, nikakipima unene kwa maikromita ya kawaida, ile ya taya mbili. Namba ikalingana na iliyomo kwenye daftari la Baba, na kalibu ilikuwa imekatwa kwa namba hiyo hiyo. Kila kitu kilikuwa sawa.

Ndipo nilipohesabu mitaro. Ilikuwa mitano.

Mtutu wa mitaro mitano haupimwi kwa maikromita ya kawaida. Idadi ikiwa witiri, isiyogawanyika kwa mbili, uvimbe wa upande mmoja wa kipande unaelekeana na bonde la upande wa pili, na chombo cha taya mbili kinasoma pungufu. Kinatakiwa chombo chenye kikalio cha pembe, kinachogusa sehemu tatu. Sikukumbuka kwamba tunacho. Nilikikuta chini kabisa ya droo ya Baba, ndani ya boksi lake, kimefungwa kwa risiti. Tarehe ya risiti ilikuwa siku kumi na moja baada ya maziko ya Junaid.

Nilipima tena. Risasi ilikuwa nyembamba kwa sehemu nne za mia za milimita.

Kwenye daftari, kando ya namba ya kwanza, pana herufi moja: H. Mwandiko ni wangu. Nilikuwa na miezi miwili tangu nimalize chuo, na huo ulikuwa mtutu wangu wa kwanza kupima. Majaribio hayakufichua kitu, kwa sababu Baba alikuwa na desturi ya kusafisha mtutu mpya kila baada ya risasi mbili.

Tangu kifo kile, Baba hakuniachia tena kupima. "Wewe kasubu," alikuwa akisema, "hii nitapima mimi." Nikadhani ni uzee.

Mohannad alikuja Jumamosi. Nilimwuliza tundu la risasi kwenye ngozi ya yule nyati lilikuwaje.

"Refu. Kama tundu la ufunguo. Walinionyesha. Kwani nini?"

"Asubuhi ile alipiga shabaha kwanza?"

"Mara nne. Zote sawasawa, ndiyo maana nikasema ni mkono wake..."

Nilimpa kipande na maikromita zote mbili, apime mwenyewe. Alisoma ya kwanza kwa sauti, kisha ya pili, kisha akarudia ya kwanza. Nilimweleza mitaro, na risasi inayokwenda kiubavu.

"Kwa hiyo hakutetemeka."

"Risasi ilikwenda kiubavu. Mkono wake sina sababu ya kuushuku."

"Miaka mitatu namwambia mama kwamba mwanawe aliogopa." Alikaa kitini. "Mzee Soud, Mungu amrehemu. Alikuwa mtu wa makini sana. Basi hata yeye alikosea."

Daftari lilikuwa limefungwa mbele yangu. Hakuwa ameomba kuliona. Baba hakuwa na leseni ya kupoteza tena, wala mteja. Ningeweza kuitikia kwa kichwa tu, na kazi ingekwisha hapo.

"Hakukosea," nikasema. "Nilipima mimi. Yeye alikuja kujua baadaye, akanifichia."

Nilifungua daftari, nikaweka kidole kwenye ile herufi, na risiti pembeni yake.

Mohannad alisoma tarehe ya risiti. Hakupaza sauti.

"Vaa abaya yako," akasema. "Twende ukamwambie mama. Mimi hataniamini."

Nilikusanya kipande, maikromita mbili na daftari. Nilizima mashine, taa za meza, na kiyoyozi. Mohannad alishatoka kuwasha gari. Boaz alisimama mlangoni na funguo.

"Madam," akasema taratibu, "unaisikia?"

Nilirudi mezani nikashika mdomo wa mtutu. Kizibo kilikuwepo, kimekaza.

Bado nilikuwa naisikia ikipumua.

"Funga mlango," nikamwambia. "Mohannad ananingoja."