Zipu ya Bwana Utaratibu

Karani wa mapokezi alikikalia kiti kama kina sisimizi. Miezi mitatu ya majaribio ilikuwa inaisha siku hiyo, na barua yake ya ajira ilikuwa mezani kwa meneja ikisubiri sahihi. Na meneja mwenyewe, tangu saa mbili asubuhi, alikuwa anazunguka ofisini zipu ya suruali wazi.

Huyo meneja walimwita Bwana Utaratibu, akishapita lakini. Alibandika ukutani masharti ya adabu: kunong'ona marufuku, kucheka vikundi vikundi marufuku, na kikaratasi chochote kitakachopitishwa kikaoni kitasomwa kwa sauti.

"Mama, nani atamwambia?" karani alimuuliza mpika chai.

"Mimi naangalia birika langu tu," akajibu yule mama. "Na wewe, mwanangu, jifanye kipofu mpaka barua iingie mkobani."

"Na wageni je?"

"Wageni wana macho yao. Hawakuyaazima kwako."

Karani akasimama, akakaa. Akaenda chooni bila haja, akarudi. Akinyamaza, bosi ataumbuka. Akisema, ataulizwa macho yake yalikuwa yanatafuta nini huko.

Wageni wanne wakafika kutoka makao makuu, wote wanaume, karani akawapokea mlangoni. Bosi akasimama mbele yao na fimbo, akaanza kuwaonyesha chati. Kila alipojinyoosha, karani aliyekuwa mlangoni alifumba macho. Mwisho uvumilivu ukamwishia. Akachana kikaratasi, akaandika, akakikunja, akaingia na trei ya maji, akakisukuma kando ya glasi ya bosi. Alipogeuka ndipo akalikumbuka lile sharti la mwisho.

"Hapa kwetu hakuna siri," bosi akawaambia wageni, akakikunjua. "'Zipu iko wazi.'"

Mikono minne ikateremka chini ya meza kwa pamoja.

"Ah, ni mimi," akasema mgeni mzee kuliko wote. "Asante, binti. Uzee huu." Akainuka, akageukia dirishani, akajishughulisha huko chini kwa muda mrefu, akiguna na kulalamika juu ya mafundi wa siku hizi. Watu wote wakamtazama yeye. Bosi akaigeukia chati yake haraka, na alipowarudia zipu yake ilikuwa imefungwa vizuri.

Karani peke yake alijua kwamba suruali ya yule mzee ilikuwa ya vifungo. Asubuhi hiyo macho yake hayakuwa yakitazama kwingine ila zipu za watu.

Wageni walipoondoka, akaitwa.

"Uliona tangu saa ngapi?"

"Saa mbili, bosi."

"Na wenzako?"

"Macho wanayo, bosi."

Bosi akaikodolea macho ile barua, akaisogeza, akairudisha. Kisha akaisaini, akampa bila kumtazama, akatoka kwenda kuyabandua masharti yake ukutani kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa unapapasa zipu.