Nyasi za Bwawa la Tope

Mgodi ulipofungwa, wenyewe waliondoka na mitambo yao wakaacha bwawa la tope: uwanja wa kijivu, mpana kuliko viwanja kumi vya mpira, uliojaa unga wa mawe yaliyosagwa na kuoshwa kwa dawa. Tope lilipokauka likawa vumbi, na upepo ukivuma, vumbi hilo liliingia hadi kwenye mashuka ya watu. Kazi ya kulifunika kwa nyasi alipewa mwanamke mmoja, mkuu wa kitalu cha miche. Watu wakambandika jina la Fundi Nyasi. "Wenzetu wana mafundi cherehani," walitania, "sisi tuna fundi wa kushona majani."

Misimu mitatu alipanda, misimu mitatu akaumbuka. Nyasi zilifika urefu wa kidole, zikageuka njano, zikalala. Alibeba samadi, akamwaga chokaa, akaleta udongo mweusi kwa mikokoteni, akaanza upya. Msimu wa nne zikashika. Zikatambaa, zikafunga uwanja mzima, vumbi likatulia. Siku hiyo Fundi Nyasi alivua viatu akatembea juu yake, akicheka peke yake kama mwehu.

Mtaalamu wa udongo, kijana mpole aliyefika kila baada ya miezi miwili, alikata majani machache akayatia kwenye mifuko.

"Nayapeleka maabara," alisema. "Mpaka majibu yarudi, mama, asikate mtu hata unyasi mmoja. Hatujui zimenyonya nini huko chini."

Majibu yakachelewa. Mvua nayo ikachelewa, kisha ikagoma kabisa. Ikafika mahali hapakuwa na kijani kingine popote isipokuwa ndani ya seng'enge iliyozungushiwa bwawa.

Ndipo dada yake mkubwa alipokuja getini na mundu na kamba. Dada huyu ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alibakiwa na ng'ombe wawili, mmoja ananyonyesha ndama, na nyumbani alikuwa na mjukuu wa kike wa miaka miwili, aliyeachwa kwake na mama yake aliyekwenda mbali kikazi. Mtoto huyo chakula chake kikubwa kilikuwa maziwa.

"Mdogo wangu, nimekuja kuomba," alisema. "Mbavu za ng'ombe wangu unazihesabu ukiwa barabarani."

"Dada, wamekataza."

"Wamekataza kwa nini?"

Fundi Nyasi aligeuka akazitazama nyasi zake. Zilikuwa zimemtoa jasho miaka minne, na moyoni hakuamini kwamba kitu kizuri namna ile kingeweza kumdhuru mtu.

"Basi tu. Utaratibu wao," alijibu, akafungua kufuli.

Dada alikuja kila asubuhi kwa wiki tano. Maziwa yaliongezeka, na mara kwa mara alimletea mdogo wake chupa ya shukrani. Fundi Nyasi akayanywa.

Aliyeanza ni ndama. Alizunguka zizini akijigonga ukutani kama kipofu, na siku ya tatu akafa. Dada alisema ni magonjwa ya kiangazi tu. Fundi Nyasi akaitikia.

Wiki hiyohiyo mtaalamu alifika na karatasi mkononi.

"Risasi," alisema. "Siyo ya bunduki, ni madini yenye sumu. Majani yamejaa. Afadhali hukumruhusu mtu."

Fundi Nyasi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamweleza yote. Kijana hakumkaripia. Aliikunja karatasi, akauliza, "Maziwa wanakunywa akina nani?"

Walikwenda pamoja. Dada alikuwa uani anafua, mjukuu amekaa kando ya beseni. Alimsikiliza mtaalamu mpaka mwisho, povu likimkaukia mikononi, kisha akamgeukia mdogo wake.

"Ulijua?"

"Nilijua kwamba bado hawajajua."

"Nilikuuliza sababu."

"Uliniuliza, dada."

"Ukaniambia utaratibu."

Akamnyanyua mtoto, akaingia ndani, akafunga mlango.

Ng'ombe wote wawili waliuawa wakafukiwa kwenye shimo refu. Damu ya mtoto ilipopimwa ilikutwa na risasi nyingi. Maneno machache aliyokuwa ameanza kuyatamka yalikuwa yamekwisha kumtoka, na daktari alisema huenda yakarudi, huenda yasirudi. Fundi Nyasi naye alipimwa. Yake ilikuwa kidogo, na hakuona haja ya kumwambia mtu.

Aliomba aruhusiwe kuzing'oa nyasi zote. Mtaalamu alikataa.

"Ukizing'oa, vumbi linarudi, na hilo watalivuta watoto wote wa hapa. Ziache. Tuongeze seng'enge ya pili."

Basi akachimba mashimo ya nguzo kwa mikono yake, mamia, kuzunguka kile alichokipanda.

Dada hakumsemesha. Kila baada ya wiki mbili mtoto alipelekwa hospitali kwa dawa, na kila safari Fundi Nyasi alifuata nyuma, akaketi benchi la mbali, akarudi bila salamu. Safari ya saba, muuguzi alimwita dada akatie sahihi dirishani. Dada alitazama huku na huku. Hapakuwa na mtu mwingine anayemfahamu. Akavuka ukumbi, akamweka mtoto mapajani mwa mdogo wake.

"Mshike," alisema, macho kwingine.

Mtoto alikuwa mwepesi kuliko umri wake. Fundi Nyasi alimshika kwa mikono miwili, asithubutu hata kumbembeleza, mpaka dada aliporudi kumchukua.