Mkono wa Kushoto wa Mpiga Chapa

Usimwambie mpiga chapa mwenye uzoefu wa miaka thelathini kwamba mashine zote ni sawa. Muuza kompyuta alisema hivyo, na wala hakumwambia yeye. Alimwambia binti yake, kana kwamba mama mtu ni mfuko uliosahauliwa kwenye kiti.

"Ni ya matumizi gani?" aliuliza.

"Ya nyumbani tu," binti alijibu. "Picha za wajukuu, simu za video. Tupe laptopu nyepesi."

Mama aliuma ulimi. Juzi wakili ambaye mama alimfanyia kazi hadi kustaafu alikuwa amempigia simu: ana hati mia mbili za kuchapwa, vijana wake wanaboronga, na anamtaka yeye. Binti alilijua hilo, ila alidhani wakili anamfurahisha mzee tu. Hilo ndilo lililomchoma mama. Alitaka mwanawe ajue kwamba kazi ile ni kazi, na anayeiweza ni yeye.

Laptopu ikaletwa, nyembamba kama sahani. Mama alivua pete, akanyoosha mgongo, akaweka pembeni karatasi ya dhamana ya duka na kuanza kuinakili. Vidole vilikimbia. Mstari ulipoisha, mkono wa kushoto ukapanda wenyewe kusukuma kile chuma cha taipureta kinachorudisha karatasi mwanzo wa mstari. Chuma hakikuwepo. Skrini ndiyo iliyokula kofi, na laptopu ikateleza hadi ukingoni mwa kaunta, muuzaji akaidaka kwa tumbo.

Wateja wawili walicheka. Binti aliinamisha uso.

"Mama, labda tuchukue tableti. Haina hata kibodi."

"Sasa nitachapa kwa nini, kwa pua?"

Aibu ilimshika, tena sana, lakini aibu haikuwahi kumwondoa kwenye meza ya kazi. Alinyoosha kidole kwenye kompyuta ya mezani iliyokuwa kwenye kona, yenye vumbi na kibodi nene.

"Siku hizi watu wanataka za kubeba, mama," muuzaji alisema.

"Mimi sina safari. Nina meza."

Alisukuma skrini hadi ukutani, akavuta kibodi karibu. Akachapa macho yakiwa kwenye karatasi, hakutazama vidole. Kila mwisho wa mstari mkono wa kushoto ulipanda, ukasukuma hewa, ukarudi kazini. Hakuna aliyecheka tena. Ukurasa ulipoisha muuzaji aliupitia kwa kidole, akitafuta kosa kwa hamu ya mtu aliyeaibika.

"Hakuna," alikiri.

"Lipo, lakini ni lenu. Juu mmeandika dhamana miezi kumi na miwili, chini miezi sita. Hati ya mtu siigusi, nimechapa mlivyoandika. Ila mimi nachukua ile kumi na miwili."

Muuzaji alisoma karatasi yake mara mbili. Kisha alichukua fomu ya mauzo, na safari hii akamgeukia mama mwenyewe.

"Niandike matumizi ya nyumbani?"

Binti aliwahi kujibu. "Andika ya kazi. Mama yangu ni mpiga chapa wa wakili."

Mama alivaa pete yake polepole. Binti alijitwika boksi zito la kompyuta. Alipotaka kuongeza na kibodi, mama alikataa, akaikumbatia mwenyewe hadi nyumbani.