Nusu ya Juu ya Picha

0%

Kwanza ni weupe tu.

Wewe unayesoma, usiguse kitu. Kwetu Kwemhunde picha hushuka kwenye simu kama ukungu unavyoshuka mlimani. Ukiuharakisha haukusikii.

3%

TANGAZO
Shule ya Msingi Kwemhunde
YAH: SOMO LA MAJARIBIO, KIPINDI CHA SANAA, DARASA LA TATU

Mnajulishwa kuwa siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, Afisa Elimu Kata, Bw. Singano, ataangalia somo la Bi. Zaituni Kihiyo, anayejitolea shuleni hapa. Endapo hataridhika, kipindi tajwa kitageuzwa kuwa cha Hisabati na huduma ya mhusika itakoma.

Mwalimu Mkuu

5%

Mhusika ni mimi.

11%

*(Ofisi ya walimu. Mlango haujafungwa vizuri.)*

"Hivi anawafundisha nini hasa?"

"Kutazama."

"Kutazama! Mwanangu mimi kazaliwa anajua kutazama."

"Eti anawafungulia picha za makumbusho ya mbali huko mtandaoni, halafu wanaulizana maswali."

"Haya. Na mtihani ukija watautazama."

Kicheko. Kijiko ndani ya kikombe. Na mimi nje, na boksi la chaki walilonituma.

19%

Nilipopata mimba ya Shani nilikuwa kidato cha pili. Alipofikisha miaka miwili nikaanza masomo ya jioni, yeye mgongoni, daftari kwapani. Tulikuwa watu wazima kumi na wawili, na simu moja, ya Mwalimu Eliaika. Jioni ya kwanza alifungua picha akaizungusha mkono kwa mkono. Mwanamke kakaa kwenye kiti. Basi.

"Mama Shani, unaona nini?"

Nikawaangalia wenzangu, nani analo jibu.

"Sijui, mwalimu."

"Sijakuuliza unajua nini, mwanangu. Nimekuuliza unaona nini."

"Amechoka."

"Umeona nini kinachokufanya useme hivyo?"

"Mikono. Mikono imeshalala, yeye bado."

Hakusema sawa. Hakusema si sawa. Alisema:

"Nini kingine?"

Nini kingine.

Tangu niache shule, hakuna mtu aliyekuwa ametaka niendelee na sentensi yangu.

27%

*Nyuma ya daftari la maandalio, Jumanne. Ninayoyashukuru kabla sijajua kesho itakuwaje:*

projekta ya kituo chetu cha jioni, niliyoazimwa, nikaifunga kwenye kanga kama mtoto

shuka jeupe la mama, ambalo hakuniuliza la nini

makumbusho yaliyofungua milango mtandaoni, yakaniacha niingie na ndala

Mwalimu Eliaika

Mwalimu Eliaika (nimerudia, najua)

nyota ishirini

33%

Nieleze nyota.

Mtandaoni, chini ya kila picha, pana alama ya nyota. Ukiibonyeza inawaka njano. Nilibonyeza ishirini, nikajua picha ishirini zimeingia kwenye simu yangu, zangu. Nikajaribu nyumbani, zikafunguka zote. Nyumbani mtandao upo.

Nyota si picha. Nyota ni alama ya mahali picha ilipo, na kufika huko kunataka mtandao.

Nimeyajua hayo Jumatano, saa nne na dakika sita, mbele ya watoto thelathini na wanane na Bw. Singano aliyeshika kalamu.

38%

Inapakia

      Inapakia

            Inapa

46%

Juu ya shuka la mama, mstari kwa mstari:

Ukuta.
Msumari usiotundikiwa kitu.
Dirisha, kushoto.
Kilemba.
Paji la uso.
Macho yanayotazama chini.
Mdomo uliobanwa.
Kidevu.

Hapo.

Ukungu umeketi juu ya mnara wa simu, na mtandao nao umeketi.

52%

*(Taarifa ya ukaguzi. Rasimu, kwa mkono wa Bw. Singano.)*

Saa 4:06. Zana: picha moja. Haijakamilika.
Saa 4:09. Mhusika anabonyeza simu tena na tena.
Saa 4:10. Mhusika bado
Saa 4:11. Mhusika amewauliza wanafunzi, "Mnaona nini?" Wamejibu kwa pamoja: "Nusu!"
Saa 4:12. Mhusika amecheka. Kisha amesema: "Haya. Huyu mama anatazama nini huko chini?"

60%

"Anachambua mchele!"

"Umeona nini kinachokufanya useme hivyo, Zubeda?"

"Kakaa dirishani. Mawe ya mchele yanataka mwanga."

"Ananyonyesha," Veronika akasema. "Mama akimnyonyesha mdogo wangu, shingo yake inakuwa hivi."

"Muongo! Mama yako akinyonyesha anapiga soga na jirani!"

"Anasoma meseji."

"We Mhina, picha ya zamani hiyo, simu katoa wapi?"

"Basi barua. Tena mbaya. Mbona mdomo kaubana?"

Nyuma kabisa, kiti kikalia.

"Anatunga uzi kwenye sindano."

Tukageuka wote. Bw. Singano alikuwa amesimama, kalamu ameisahau hewani.

Veronika, miaka minane, mikono kiunoni:

"Umeona nini kinachokufanya useme hivyo?"

"Veronika! Huyo ni mgeni. Adabu."

"Shikamoo," Veronika akasema. "Umeona nini kinachokufanya useme hivyo?"

Darasa likaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa naiona Hisabati ikiingia mlangoni na rula yake.

"Marahaba." Bw. Singano alivua miwani, akalisogelea shuka. "Jicho lake la kushoto. Limefinywa zaidi kidogo kuliko la kulia. Mnaona? Marehemu mama alikuwa fundi cherehani. Akitunga uzi hatukuruhusiwa kusema naye. Tulikuwa tunasimama tu pembeni, tunamwangalia usoni, mpaka uzi upite. Ukipita alikuwa"

Akaishia hapo.

Na Mhina, taratibu, kama mtu anayemsogezea mwenzake kigoda:

"Nini kingine?"

68%

*(Taarifa, inaendelea.)*

Saa 4:31. Kila mwanafunzi amechora nusu ya chini kadiri anavyoiona. Michoro 38. Hakuna miwili inayofanana.
Saa 4:38. Kengele imegongwa. Hakuna aliyetoka.
Saa 4:40. Mchoro wa 39 haukuwamo kwenye andalio la somo. Umo nyuma ya karatasi hii.

*(Nyuma ya karatasi: mikono miwili. Sindano. Uzi unaokwenda mpaka ukingoni na*

77%

Nilimwandikia Mwalimu Eliaika: Shikamoo mwalimu. Picha haikufunguka.

Akajibu: Marahaba mwanangu. Nini kingine?

Nikamwandikia ujumbe mrefu mpaka simu ikaukata vipande vitatu.

86%

OFISI YA AFISA ELIMU KATA
Ijumaa
YAH: UAMUZI KUHUSU KIPINDI CHA SANAA

Rejea somo la majaribio la Jumatano. Ofisi haijaweza kufikia uamuzi kwa sababu somo tajwa halijamalizika. Ukaguzi utaendelea Jumatano ijayo, saa nne asubuhi.

Na chini ya muhuri, kwa kalamu, mwandiko umeinama:

*Mwalimu, naomba usiifungue yote kabla sijafika.*

87%

Mwalimu.

94%

Jumamosi, mchana. Nimekaa kizingitini kwa mama, na leo ukungu hakuna. Mtandao umejaa, vijiti vyote vinne. Shuka limefuliwa, liko kambani. Kidole changu kiko juu ya nyota, kinaniwasha.

Sijui Jumatano ataamua nini. Labda chini kweli mna mchele, na Bw. Singano ataona aibu, na aibu ya mkubwa huangukia mdogo. Labda kipindi kitakwenda kwa Hisabati na mimi nitarudi kubeba chaki. Nalijua hilo. Lakini kuna watoto thelathini na wanane ambao sasa wakiambiwa jambo wanauliza limeonekana wapi, na hilo halirudishwi stoo.

Shani, mwaka wa tano huu, ameegemea goti langu. Anaitazama ile nusu iliyobaki kwenye simu.

"Mama, malizia chini."

"Chini kuna nini?"

Akafumba jicho moja. Akafumba la pili. Akafumbua yote.

"Kuna mimi."

"Umeona nini kinachokufanya useme hivyo?"

Ameniangalia kana kwamba nimeuliza jua liko wapi.

"Si anavyotazama."

Nimezima data.

99%

Jumatano, saa nne. Njoo, wewe unayesoma. Kaa nyuma, kile kiti kinacholia. Veronika atakuamkia kwanza, halafu atakuuliza.