Kifuniko cha Wavuvi wa Barafu

Caren alikiona kifuniko kile sokoni Kapsoit, kwenye rundo la mitumba, kati ya makoti mazito na glavu. Kilikuwa cha plastiki safi, cha duara, na kila kitu ulichokitazama kupitia kwake kilionekana kikubwa. Kijikaratasi kilichoning'inia kilieleza kwamba ni cha wavuvi wanaotoboa barafu ya ziwa: hufunika kioo cha mashine ya kutafutia samaki, theluji isiingie, na kuyakuza yaliyomo.

Mageto, muuzaji, alicheka. "Dada, samaki wa kwenye barafu si ni wa friji? Beba tu, hapa hakuna mtu ataulizia."

Caren hakufikiria samaki. Alimfikiria mama yake, Rodah, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na mizani ya kituo chao cha kupimia majani ya chai karibu na Mogogosiek. Huko mvua ilinyesha karibu kila alasiri, na Gibson, karani, aliivika mizani karatasi ya plastiki ya mkate isilowe. Tarakimu hazikuonekana vizuri ndani yake, hivyo ni yeye tu aliyeinama, akachungulia na kutaja kilo. Wakulima waliitikia. Kuomba kuona kulikuwa sawa na kumwita mwizi, na Gibson aliimba kwaya kanisani kwao.

Kesho yake Caren aliibandua karatasi, akamkabidhi Gibson, na kukifunga kifuniko kwenye kioo cha mizani kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Maji yaliteleza juu yake, na tarakimu zikasimama kubwa, nyeusi. Gibson alimwambia mashine ni ya kiwanda, akauliza kama hayo ndiyo aliyosomea chuo kikuu. Foleni ikacheka. Gibson akanyoosha mkono akitoe kifuniko.

Rodah akasimama kati yake na mizani.

"Gibson, kijana wangu, hii chai nimechuma na hivi vidole. Leo naisoma mwenyewe. Kama hutaki, lori liende bila yangu."

Lori la kiwanda lilikuwa tayari linapanda mlima kuja kuchukua majani. Gibson alimkumbusha kwamba majani yakilala yataharibika, na jasho lake la siku nzima atalimwaga shimoni. Rodah hakusogea. Nyuma yake Yunia, jirani yao, akalitua gunia lake kwenye matope. Wa nyuma yake naye akatua, kisha foleni nzima.

Gibson aliliangalia lori, akayaangalia magunia, akaurudisha mkono mfukoni.

Rodah alitundika gunia lake, akasubiri litulie. Akasoma polepole, kama mtu anayesoma jina lake: "Kumi na nne, nukta mbili."

Gibson, kwa mazoea, alikuwa ameinama pia. "Si ndiyo ile ile ningekuambia? Umeona nikiiba?"

"Sikusema unaiba," Rodah alisema. "Nilisema nataka kuona."

Gibson alibaki ameshika karatasi ya mkate, asijue pa kuiweka. Yunia alikuwa ameshafika kwenye mizani, akisoma kwa sauti kubwa hata kabla gunia lake halijaacha kuyumba.