Utomvu Mikononi mwa Devotha

Kila jioni nilimwogesha mwanangu Devotha kwa kiganja. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya mtoto, kisha namkausha kwa kumgusagusa na khanga iliyochakaa na kumpaka mafuta ya nazi. Nesi mmoja kule Same alinionya: "Mwenye mbalanga hasuguliwi. Ukimchubua, doa jipya linaota pale pale." Miaka ile sabuni ilipoadimika tuliogea majani ya mpapai. Sasa biashara imefunguliwa, sabuni zimejaa sokoni, nyingi zinawasha. Ya mtoto niliitafuta kama dawa.

Na ilisaidia. Mabaka meupe yalisimama chini ya kiwiko, hayakupanda tena tangu masika. Nikaanza kuamini.

Ikaja komunyo yake ya kwanza. Gauni jeupe nililolipata kwenye mitumba lilikuwa la mikono mifupi. Jumamosi nikateremka Same kutafuta kitambaa cha kuiongeza. Devotha nikamwacha na mama mkwe, Bibi Koleta.

Niliporudi, Devotha kajikunyata jikoni, mikono kainyoosha mbele kama si yake. Myekundu yote, tangu vidole hadi begani, inatoa majimaji. Kwenye beseni dodoki linaelea katika maji ya jivu.

"Shikamoo mama. Kumetokea nini?"

"Marahaba. Muulize mwanao! Kaenda migombani, kajipaka utomvu kwenye madoa. Ati apate rangi! Ukakauka mweusi tii, kawa kama sufuria. Kesho aende hivyo mbele ya padri? Nimemsugua mpaka umetoka."

"Mama, si nilisema asisuguliwe?"

"Ulisema mabaka. Huu ni utomvu, Mama Devo. Ukiingia kwenye khanga yako, unauacha?"

Nikaitazama mikono ya mama mkwe. Vidole vyake mwenyewe vilikuwa vimechubuka.

"Anaeli wa mafundisho alisema padri ataniruka," Devotha akanong'ona. "Alisema ataona mikono yangu, aniruke."

Padri hakumruka. Devotha alipokea kama wenzake, ndani ya mikono mirefu niliyoishona usiku ule, kitambaa kimeganda kwenye vidonda.

Vidonda vikapona, nami nikafurahi mapema. Mara weupe ukaanza kutokeza, mistari mistari, kila mahali dodoki lilipopita. Ukavuka kiwiko. Ukafika begani. Sabuni ni ile ile, mafuta ni yale yale, kiganja ni hiki hiki.

Siku hizi mama mkwe ndiye anayepasha maji. Anayapima kwa kiwiko chake, ananiwekea beseni, halafu anatoka nje nisimwone uso.

Jana Devotha alikuwa akijitazama wakati namkausha.

"Mama, hii ya kahawia iliyobaki, itaisha lini?"

"Kwa nini iishe?"

"Ili nifanane kote."

Nikamimina mafuta kiganjani, nikayasugua mikononi mwangu mpaka yakapata joto.

"Lete mkono wa pili," nikamwambia.