Kulabu ya Tano

Ujumbe uliingia saa kumi na mbili kasoro dakika nane asubuhi, na Majken Öhrn aliujibu kabla simu haijamaliza kutetemeka juu ya jokofu. "Jikoni, shule ya Granbacka, saa moja. NDIYO au HAPANA?" Alibonyeza NDIYO kwa kidole chenye siagi, akabugia kipande cha mwisho cha mkate mkavu, akamalizia kahawa akiwa amesimama.

Halafu akaenda mlangoni kuvaa.

Pale mlangoni, badala ya kabati, kulikuwa na kulabu tano za chuma alizozipigilia mwenyewe. Ya kwanza ilikuwa ya jikoni: suruali nyeupe, fulana nyeupe, kofia ya kufunika nywele, na chini yake viatu visivyoteleza. Ya pili ilikuwa ya chekechea, na huko mvua inyeshe isinyeshe watoto hutolewa nje, kwa hiyo ilibeba koti na suruali za mpira, sweta la sufu, na gambuti mbili zilizosimama kama zinasubiri basi. Ya tatu, ya maofisini: suruali ya buluu iliyokolea, shati jeupe, sweta la kijivu la vifungo. Ya nne ilikuwa na jinzi na fulana ya mistari kwa siku ambazo hakuitwa popote. Ya tano haikuwa na kitu.

Usione hivi, kazi ilikuwa ya miaka miwili. Mji wa Värnefors una majengo ya viwanda vya nguo kila mtaa, ila nguo hazishonwi tena humo, na Majken, binti wa mshonaji, akajikuta ni deiwaka wa halmashauri, kibarua wa kuitwa siku kwa siku, akiwa na miaka arobaini na tisa. Wafanyakazi wa kudumu hupewa sare. Deiwaka hujivika. Wiki ya kwanza aliitwa chekechea akaenda na viatu vya ofisini. Wakamwingiza msituni, akarudi na kiatu kimoja, na watoto bado wanamwita "yule shangazi wa kiatu". Wiki ya pili alichelewa dakika kumi akitafuta fulana nyeupe kwenye kikapu cha nguo chafu, wakamrudisha nyumbani. Ndipo akajua kwamba asubuhi si wakati wa kufikiri. Asubuhi ni ya kunyoosha mkono tu.

Basi akaanza kujenga, kipande kimoja kimoja, kutoka duka la mitumba la kanisani. Rangi tatu tu: buluu, kijivu, nyeupe, ili kila kitu kikubaliane na kila kitu. Mama yake hakudai zaidi ya nguo kuwa nzima na kuwa safi, na Majken hakuongeza sharti jingine. Alikosea mara moja tu, siku aliponunua blauzi ya manjano kama kiini cha yai. Ilikuwa nzuri, wallahi, lakini haikuendana na chochote, na tangu siku hiyo ilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango.

"Hiyo ya tano unamwekea nani?" Senada, jirani yake wa juu, alikuwa akimuuliza kila alipopita kunywa kahawa. "Unaposa?"

"Naweka nafasi ya sare," Majken hujibu.

"Haya, shoga. Utangoja mpaka kulabu iote kutu."

Lakini leo haikuwa siku ya mzaha. Leo ilikuwa ya mia tatu sitini na sita.

Kuna sheria ya kazi inaitwa Las. Ilitungwa kumlinda mtu: deiwaka akizidisha mwaka mmoja wa siku za kazi kwa mwajiri mmoja, ajira inageuka yenyewe kuwa ya kudumu, mkubwa apende asipende. Wakubwa hawakupenda. Wakawa wakiona mtu amekaribia, simu yake inanyamaza. Watu wa Värnefors wakalitungia jambo hilo kitenzi kutokana na jina la sheria yenyewe. Ukiuliza, "Mbona Gudrun haonekani?" utaambiwa, "Amelasiwa." Majken alikwama kwenye siku ya mia tatu sitini na tano kwa wiki tano, simu kimya, akijua kabisa kwamba anakaribia kulasiwa. Na sasa, kwa kosa la mashine au la mtu, ameitwa.

Shuleni mpishi mkuu, Britt-Mari, alimpokea kwa mwiko mkononi. Ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi ni supu ya njegere na chapati za maji. Jiko zima lilikuwa ukungu.

"Wewe! Si walikufungia?" Britt-Mari alinong'ona. "Leo ni ya ngapi?"

"Ndiyo yenyewe."

"Uwii! Pita nyuma ya sufuria kubwa, na ukae huko huko. Asikuone mtu."

Alikuwa amegeuza chapati mia na ushee simu ilipolia. Lovisa Rydell, mpangaji wa zamu wa halmashauri, binti mwenye sauti laini ambayo haijawahi kumkaripia mtu.

"Majken, habari za asubuhi? Samahani sana, kumetokea mkanganyiko kwenye orodha. Hapo jikoni hawakuhitaji."

"Wananihitaji. Nimeshika chapati sasa hivi."

Majken alijua kinachotafutwa. Halmashauri ikimfuta mtu katikati ya siku, siku hiyo inahesabika. Deiwaka akikataa mwenyewe, au akifika hana mavazi ya kazi, haihesabiki. Lovisa alikuwa akitafuta hapana, na ilibidi itoke kinywani mwa Majken.

"Basi nikuhamishie chekechea ya Kottens," Lovisa alisema. "Wanaondoka kwenda msituni saa nne. Wanataka mavazi kamili ya mvua, na gambuti. Sidhani kama unayo hapo. Nitaelewa kabisa ukisema hapana."

Majken alichungulia dirishani. Mvua ilikuwa inapiga kiwanja cha shule kama imelipwa.

"Ndiyo," akasema.

Akampigia Senada, ambaye alikuwa na ufunguo wa akiba na ulimi wa akiba. "Kulabu ya pili! Yote! Napita na basi dakika kumi na mbili zijazo!"

"Unadhani mimi ni mtumishi wako?"

"Senada, nakuomba!"

"Nimeshavaa ndala, pumbavu wewe, nashuka."

Basi lilisimama mbele ya jengo, dereva akasema hangoji mtu, na Majken akaruka. Senada hakuwa mlangoni. Alikuwa juu kwenye roshani, ghorofa ya pili, ameshika furushi. "Nimeona ngazi zitatuchelewesha!" akapiga kelele, na akalitupa. Koti likafunguka hewani, likatua juu ya kichaka cha waridi. Gambuti moja ilimpiga Majken begani, ya pili ikamkosa. Abiria walikuwa wamebandika nyuso kwenye vioo vyote. Majken alizoa, akapanda, na dereva, ambaye hangoji mtu, alikuwa bado yupo na anacheka mpaka machozi.

Msituni watoto kumi na wanne walimpokea kwa shangwe. "Shangazi wa kiatu! Leo una viatu!"

"Leo ninavyo viwili," akasema, akakanyaga dimbwi kwa nguvu makusudi, na wakamfuata wote.

Simu ililia tena saa saba kasoro, akiwa amekaa kwenye gogo na mtoto usingizini mapajani. Safari hii ile sauti laini ilikuwa na mkwaruzo.

"Majken. Mapokezi ya ukumbi wa halmashauri, saa nane. Mtu wa pale ameugua. Mavazi nadhifu ya ofisini, wanasisitiza sana. Najua uko msituni. Hakuna atakayekulaumu."

Majken alisema ndiyo, kisha akajitazama. Tope hadi magotini, majani ya msonobari mpaka ndani ya shingo. Hapo akakumbuka kitu. Jana usiku jirani wa chini aliingilia zamu yake ya chumba cha kufulia cha jengo zima, akaacha na kikaratasi cha kujitetea mlangoni, na shati jeupe la kulabu ya tatu lilifuliwa leo alfajiri tu. Senada alithibitisha kwa simu.

"Bichi, shoga. Ukilikamua unapata glasi ya maji. Tukilipiga pasi tutalichoma. Lako la pili liko wapi?"

"Sina la pili."

Miaka miwili ya kujenga, na jengo zima lilikuwa limesimama juu ya shati moja. Siku ya mia tatu sitini na sita, na itakwenda na maji ya shati.

"Senada," akasema polepole. "Nyuma ya mlango kuna msumari."

Kicheko kikubwa kikamjibu. "Usiniambie! Kiini cha yai!"

Alivalia chooni mwa ukumbi wa halmashauri, Senada, aliyemletea nguo, akimshikia kioo cha mkobani na kumchomoa majani kwenye nywele moja moja kama anachambua mchele. Suruali ya buluu, sweta la kijivu, na katikati ile blauzi. Majken alijiangalia akashangaa. Yeye alikuwa ameihukumu ikiwa peke yake. Hakuwahi hata siku moja kuijaribu na buluu.

"Mwone," Senada alisema, na kwa mara ya kwanza hakutania. "Umependeza, bibi wewe."

Saa nane kamili alikuwa ameketi mapokezi. Saa nane na dakika tano Lovisa akashuka mwenyewe kutoka ghorofa ya juu na daftari lake kifuani. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake, labda miaka ishirini na sita. Alimwangalia Majken kuanzia viatu vyeusi, akapanda, akapita kwenye suruali, kwenye sweta, akafika kwenye manjano, akakwama.

"Blauzi nzuri," akasema.

"Asante. Ya mitumba."

"Una jani sikioni."

Majken akalitoa, akaliweka juu ya meza kati yao. Wote wawili wakalitazama.

"Niliambiwa nikuzuie," Lovisa alisema kwa sauti ya chini. "Sikupenda. Ila niliambiwa, na mimi mwenyewe mkataba wangu unaisha Juni. Ni wa muda. Nina siku mia tatu na kumi."

Majken alikuwa amejiandaa kwa ugomvi tangu asubuhi, akakosa pa kuuweka. Aliona kola ya binti yule imeanza kuchakaa na imegeuzwa kwa mshono wa mkono, mshono mzuri wa mtu aliyeketi nao.

"Mlangoni kwako una kulabu ngapi?" akamuuliza.

"Kulabu?"

"Anza na mbili. Na ununue mashati mawili, usifanye kosa langu."

Lovisa alicheka, akajizuia, akaangalia nyuma. "Siku imehesabika," akasema. "Nimeshaiandika. Ila kesho usingoje ujumbe. Jina lako limefungwa kwenye orodha, na barua ya ajira watakuzungusha nayo mpaka uchoke."

Saa kumi kasoro robo Majken alikuwa kwenye bohari ya nguo za kazi, chini ya ukumbi. Rune, mtunza bohari, aliinua miwani.

"Wa kudumu?"

"Tangu leo. Jikoni, Granbacka."

"Kompyuta haina habari hiyo."

"Kompyuta itapata. Sheria haiisubiri."

Rune alitazama kompyuta, akamtazama Majken, akamtazama na Senada aliyekuwa amekunja mikono mlangoni. Yeye mwenyewe alibakiza miezi mitatu kustaafu. Akanyoosha mkono kwenye rafu akashusha sare ya jikoni ya buluu, yenye nembo ya mji kifuani. "Imebaki kubwa tu. Weka sahihi hapa." Majken akaweka sahihi kabla hajabadili mawazo.

Jioni ile Senada aliikunja mikono ya sare kwa sindano, miwani puani, akilalamika juu ya kitambaa cha siku hizi. Walipomaliza, Majken aliitundika kwenye kulabu ya tano. Walikaa wakaiangalia kama televisheni.

Asubuhi simu ilikaa kimya juu ya jokofu. Saa kumi na mbili kasoro dakika nane ikafika, ikapita. Saa kumi na mbili ikapita. Majken alikuwa amesimama na kahawa yake, kidole kimoja kimekaa tayari kubonyeza NDIYO kwenye kioo cheusi. Miaka miwili alikuwa hajawahi kutoka nje ya mlango ule kwenda kazini bila simu kumruhusu. Akaiweka simu mfukoni. Akaenda mlangoni, akanyoosha mkono.

Alipokatiza uwanja, dirisha la ghorofa ya pili lilifunguka.

"Majken! Wamekuita?"

"Hawajaniita!"

"Sasa unakwenda wapi?"

"Kazini! Wa kudumu hawaitwi, shoga!"

Senada akainama zaidi, akakaza macho. "Ngoja! Mkono wa kushoto nimeukunja vibaya, umezidi! Rudi niurekebishe!"

Basi lilikuwa limeshakata kona. Majken akaanza kukimbia, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake.

"Utaurekebisha jioni!" akajibu bila kugeuka. "Nina miaka kumi na sita ya kuuvaa mpaka nistaafu!"